Kuhamisha Kanzidata Kubwa: Hesabu Safari Kabla ya Kununua Laini

Simu tunazopigiwa katika kitengo chetu kuhusu kuhamisha data hufanana sana. Taasisi ina mfumo wa zamani unaotumia Oracle na imeamua kuhamia PostgreSQL, zote mbili zikiwa programu za kanzidata, yaani za kutunza na kutafuta rekodi. Mzabuni ameandika programu ya kuhamisha, imewashwa Ijumaa jioni, na Jumatatu asubuhi haijafika hata nusu. Wananchi wamejipanga dirishani na mfumo umefungwa. Mkuu wa TEHAMA huuliza: tuongeze kasi ya laini kiasi gani? Nami humuuliza: programu yenu inakwenda safari ngapi?

Chukua jedwali la malipo lenye rekodi milioni 40. Seva ya zamani iko Dar es Salaam, mpya iko Dodoma, na ujumbe kwenda na kurudi kati yake unachukua, tuseme, milisekunde 10. Kiunganishi cha Java cha Oracle, yaani kipande kinachoiwezesha programu ya Java kuchota data, usipokiambia vingine, huchota rekodi 10 kwa mkupuo. Kumi tu. Rekodi milioni 40 zinakuwa safari milioni 4, na kila safari ina milisekunde 10 za kungoja. Jumla ni sekunde 40,000, yaani zaidi ya saa 11 ambazo seva zote mbili zimekaa zikisubiriana, na hapo hatujahesabu muda wa kubeba data yenyewe.

Badilisha mpangilio huo mmoja ili programu ichote rekodi 1,000 kwa mkupuo. Kungoja kunashuka hadi sekunde 400, hazifiki hata dakika saba. Ni mstari mmoja wa msimbo, hauhitaji zabuni. Na laini mngeipanua mara kumi bila kugusa mstari huo, saa zile 11 zingebaki pale pale, maana laini pana hupitisha mzigo mwingi kwa pamoja lakini barabara haiifupishi. Kwa wale ambao seva yao mpya iko Ulaya, ambako kwenda na kurudi kunaweza kufika milisekunde 150, mpangilio uleule wa rekodi kumi kumi unazaa karibu siku saba za kungoja.

Sasa twende upande wa kupokea, ambako ndiko muda mwingi hupotea bila mtu kuuona. Fikiria ghala la mahindi. Lori limefika. Karani anapokea gunia moja, analiandika daftarini, anaingiza daftari kwenye kasha la chuma, anafunga kwa ufunguo, kisha anafungua tena ili apokee gunia la pili. Programu inayoingiza rekodi moja kwa amri ya INSERT na kuifunga hapo hapo kwa COMMIT inafanya kazi hivyo hivyo. COMMIT ni ahadi: hata umeme ukikatika sasa hivi, rekodi hii haitapotea. Ili ahadi itimie, kanzidata lazima iandike logi, yaani daftari lake la mabadiliko, kwenye diski na ingoje diski ijibu kwamba imeandika kweli.

Diski ya sahani yenye kasi ya mizunguko 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde. Kama haina kumbukumbu ya akiba yenye betri mbele yake, usitegemee ahadi za moja moja zipite sana 120 kwa sekunde. Gawanya milioni 40 kwa 120 uone: karibu siku nne. Diski za SSD zinapunguza muda huo sana, lakini bado unalipia ahadi milioni 40 ambazo hakuna aliyeziomba, kwa sababu uhamishaji ukikwama katikati utaurudia tu kutoka chanzo. Funga rekodi 10,000 kwa muamala mmoja, yaani kwa COMMIT moja, ahadi zinakuwa 4,000, na kwenye diski ile ile kungoja kunakuwa kama nusu dakika.

PostgreSQL ina njia iliyo bora kuliko hiyo, nayo ni amri ya COPY. Badala ya kuchambua sentensi ya INSERT kila mara, COPY inapokea mkondo wa rekodi kutoka kwenye faili au moja kwa moja kutoka kwa programu na kuzimimina kwenye jedwali. MySQL ina LOAD DATA, ya kazi hiyo hiyo. Nikiona mradi wa kuhamisha data unatumia INSERT moja moja mwaka huu wa leo, huwa nasikitika kweli, kwa sababu zana ya kufaa imo ndani ya mfumo walioupakua bure.

Kuna mzigo mwingine: faharasa, yaani orodha zilizopangwa ambazo kanzidata huzitumia kutafuta rekodi haraka. Jedwali lenye faharasa tano linapopokea rekodi moja, kanzidata inaandika mahali sita, na ndani ya kila faharasa rekodi hiyo inatafutiwa nafasi yake katikati ya nyingine. Ondoa faharasa na funguo za kigeni (zinazofunga rekodi za jedwali moja na za jingine) kabla ya kumimina, kisha zijenge mwishoni. Ukizijenga mwishoni, kanzidata inapanga data yote mara moja. Kwa usiku huo mmoja, ipe pia kumbukumbu ya kutosha: maintenance_work_mem huja ikiwa MB 64, kiasi kidogo mno kwa kujenga faharasa ya rekodi milioni 40. Ongeza hadi GB 1 au 2 kama seva inaruhusu. Ongeza na max_wal_size, kikomo cha ukubwa wa logi, ambacho huja kikiwa GB 1, la sivyo seva itakuwa inalazimika kila mara kusukuma data diskini.

Wapo watakaokushauri uzime fsync kabisa, yaani kanzidata isingoje tena diski ijibu kwamba imeandika. Usifanye hivyo kwenye seva yenye data nyingine ya watu. Umeme ukikatika unaweza kupoteza kanzidata nzima, pamoja na majedwali ambayo hukuyagusa.

Ukishafika hapo ndipo kugawa kazi kunaleta maana. Kata jedwali kwa ufunguo wake mkuu, yaani namba ya pekee ya kila rekodi: rekodi 1 hadi milioni 5, kisha milioni 5 zinazofuata, na uendeshe mikondo minne au minane kwa pamoja. Usikate kwa OFFSET. Kumwambia mfumo "ruka milioni 35, nipe zinazofuata" ni kuulazimisha uzisome zote milioni 35 na kuzitupa, na kila kipande kinakuwa kizito kuliko kilichotangulia. Mwambie "nipe zenye ufunguo mkubwa kuliko huu", faharasa itampeleka moja kwa moja. Mikondo ikizidi uwezo wa diski na vichakato haiongezi kitu, inagombania tu.

Mimi napendelea kupitia faili zilizokatwa vipande na kubanwa, hata pale ambapo programu ingeweza kumimina moja kwa moja. Sababu yangu niliipata usiku mmoja, katika taasisi ambayo sitaitaja. Tulikuwa tunamimina jedwali la wateja kwa COPY moja, na kila kitu kilikwenda vizuri hadi rekodi ya milioni 31. Ikasimama. Ujumbe ulisema kuna baiti 0x92 isiyokubalika katika UTF-8, mfumo wa kuandika herufi ambao kanzidata mpya ilitumia. Tulipoitafuta tukaikuta ndani ya jina la ukoo linaloanza na Ng', lililonakiliwa kutoka Word, ambayo huweka alama ya juu iliyopinda badala ya ile iliyonyooka. Mfumo wa zamani ulihifadhi kwa seti ya herufi ya Windows-1252, na sisi tuliutangaza mkondo wote kuwa UTF-8. Kwa kuwa COPY ni muamala mmoja, rekodi zote milioni 31 zilifutwa. Ilikuwa saa tisa usiku.

Kama tungekuwa na faili 40 za rekodi milioni moja moja, tungepoteza moja tu, tukairekebisha na kuirudia. Na kwa nchi yetu yenye ng'ombe, ng'ambo na majina ya watu yasiyohesabika yenye ng', alama hiyo itakutokea. Taja seti halisi ya herufi unapotoa data, usikisie. Angalia pia vitu viwili vya Oracle: aina yake ya DATE hubeba saa pamoja na tarehe, na maandishi matupu huyahesabu kuwa hayana thamani kabisa, ilhali PostgreSQL hutofautisha hayo mawili.

Faili zenye vipande zilithibitisha thamani yake pia tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora. Anayetuma kwa vipande anaendelea pale alipoishia. Anayetuma kwa mkondo mmoja anaanza upya.

Fanya mazoezi kamili angalau mara mbili kabla ya usiku wenyewe, kwa data yote na siyo sampuli, na uyaendeleze hadi watumiaji waingie na kufanya kazi. Benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha data ya wateja wake Aprili 2018. Data yenyewe ilifika salama, lakini mfumo mpya ulipata hitilafu za kiufundi, na wateja wengi wakashindwa kufikia akaunti zao. Desemba 2022 wasimamizi wa fedha waliitoza faini ya pauni milioni 48.65.

Baada ya kumimina, linganisha pande zote mbili kwa kila kipande: idadi ya rekodi, jumla ya fedha, tarehe ya kwanza na ya mwisho. Jumla ya fedha hufichua makosa ambayo idadi haiyaoni. Jenga faharasa, rudisha funguo za kigeni, kisha endesha ANALYZE, amri inayokusanya takwimu za majedwali. Wengi huisahau hii ya mwisho, na asubuhi swali lililokuwa likijibiwa mara moja linachukua dakika mbili, kwa sababu kanzidata bado haijui jedwali limejaa kiasi gani na inachagua njia mbaya. Rudisha mipangilio ya kumbukumbu ilivyokuwa. Seva ya zamani iache ikiwaka, ya kusoma tu, angalau hadi mwezi mmoja wa hesabu ufungwe kwenye mfumo mpya.