Mkojo wa ng'ombe, mbolea ya urea na gesi isiyoonekana

Anayefunga ng'ombe kamba chini ya minazi, awe Micheweni au Mkoani kule Pemba, anakijua kile kiraka cha majani yaliyokoza rangi na kurefuka kuliko ya pembeni. Hapo ng'ombe alikojoa. Mkojo una urea ileile iliyomo kwenye mbolea ya dukani, ambayo asilimia 46 ya uzito wake ni naitrojeni, chakula kinachokuza majani. Ila ng'ombe hapimi. Sehemu aliyokojolea mara moja yaweza kupata naitrojeni sawa na kilo 500 hadi 1,000 kwa hekta, na hakuna nyasi ya kuimaliza yote.

Inayobaki wanaigombania bakteria. Wa kwanza huigeuza urea kuwa amonia, ndiyo ile harufu inayowasha pua bandani. Wengine, wenye kuhitaji hewa, huigeuza amonia kuwa naitreti, naitrojeni iliyoungana na oksijeni. Mvua ikinyesha na udongo ukakosa hewa, hutokea kundi la tatu: hawa huvuta pumzi kwa kutumia naitreti badala ya oksijeni, na njiani huachia nitrasi oksaidi. Ndiyo gesi ambayo madaktari wa meno huitumia kupunguza maumivu, lakini ikipanda angani haina uganga wowote: kilo yake moja hupasha joto dunia takriban mara 273 kuliko kilo ya hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100.

Kiasi kinachotoka ni kidogo, karibu kilo moja ya naitrojeni katika kila 100 zinazotiwa shambani. Hasara kubwa ya mfugaji iko kwingine, kwenye amonia inayopeperuka na naitreti inayozama na maji. Basi mimi humwambia mfugaji aanze na mfuko wake. Anga litanufaika papo hapo.

Ukitia urea kwenye majani ya tembo wakati wa jua kali na ardhi kavu, sehemu yake huruka. Ukiitia masika yamepamba moto na bonde limelowa chapachapa, unawalisha bakteria. Ngojea ardhi yenye unyevu wa kiasi, gawa mbolea mara mbili au tatu, na pale penye kiraka cha kijani kibichi papite tu, pana yake tayari. Kigingi nacho kihamishe kila siku. Nimeona mnazi uliofungiwa ng'ombe miezi mitatu: chini yake pamekuwa tope jeusi, hapaoti hata ndago.