Mashabiki Hawajaibwa na Televisheni

"Ligi ya Uingereza imetuibia mashabiki." Kiongozi wa klabu akinialika tuzungumzie mahudhurio, awe wa Kisumu, Kakamega au Bungoma, hiyo ndiyo sentensi ya kwanza, na wengi wangependa mazungumzo yaishie hapo hapo. Kazi yangu ni kupanga siku ya mechi: mageti, tiketi, wasimamizi, majukwaa. Kauli hii nimeisikia hadi nimechoka, kwa hivyo naijibu mara moja kwa wote.

Tuanze na saa. Mechi nyingi za Jumamosi kule huanza saa tisa alasiri kwa saa zao. Kwetu hapo ni saa kumi na moja jioni, na majira yao ya baridi yakiingia ni saa kumi na mbili. Mechi yetu ikianza saa tisa, inaisha kabla ya saa kumi na moja. Mtu anaweza kutazama dakika zote tisini katika uwanja wa Moi, Kisumu, anunue mahindi ya kuchoma njiani, na bado aingie kwenye kibanda cha kutazamia mpira mapema apate benchi la mbele. Siku ya Jumamosi, mechi yao inayogongana na yetu ni ile moja ya mapema, basi. Mechi moja haiwezi kumaliza jukwaa zima.

Kisha nendeni Kisii. Klabu ya pale, Shabana, ilishuka daraja 2006 na haikuonekana tena Ligi Kuu hadi 2023. Mji ule una vibanda vya mpira kama vyetu, ving'amuzi kama vyetu, jezi za Arsenal na Manchester United kila kona, na bado Gusii Stadium hufurika. Kama televisheni ndiyo mwizi, mbona haikuwaibia Shabana?

Kinachomwondoa shabiki ni ratiba isiyoaminika. Mchukueni shabiki wa Ahero. Ameambiwa mechi ni Jumamosi, uwanja wa Mamboleo, Kisumu. Amefunga duka saa saba, amepanda matatu hadi mjini, kisha boda hadi uwanjani. Anakuta geti lina mnyororo, na bawabu anamwambia mechi imesukumwa hadi kesho, au imehamishiwa kaunti nyingine kabisa. Tangazo lilitoka jana saa nne usiku kwenye ukurasa wa klabu. Safari ijayo anapiga simu kwanza, na hakuna anayepokea. Baada ya hapo hapigi tena, na Jumamosi yake inapata wenyewe: mazishi, chama, shamba. Huyu hakuichagua televisheni. Televisheni ilimkuta tayari yuko nyumbani. Na mwenye kibanda hajawahi kumrudisha mlangoni akimwambia mpira umehamishwa.

Najua kwa nini mechi zinasukumwa. Uwanja ni wa kaunti, si wa klabu. Ukitakiwa kwa mkutano wa hadhara au mahubiri, klabu ndiyo inayopisha. Ambulensi isipofika, mwamuzi hapulizi kipenga, na ambulensi haifiki kwa sababu ile ya mechi iliyopita haijalipwa. Haya yote yanaweza kujulikana Jumatatu. Yanatangazwa Ijumaa usiku kwa sababu hakuna mtu aliyepewa kazi ya kuyafuatilia, na hapo ndipo ninapokosa subira. Klabu ina kocha wa makipa, ina msemaji, haina mtu wa kuhakikisha geti litafunguliwa.

Uwanja ukifungwa muda mrefu, madhara ni makubwa zaidi. Waulizeni watu wa Nakuru. Uwanja wa Afraha ulipofungwa kujengwa upya, Ulinzi Stars, timu ya jeshi, ilibidi icheze "nyumbani" mbali na mji huo, na sasa makao yake ni uwanja wa jeshi kule Lang'ata, Nairobi. Mtoto wa Nakuru aliyekuwa na miaka minane wakati ule amekua bila kuzoea kwenda mechi ya ligi kwa miguu. Mazoea hayo huanzia utotoni, mkononi mwa mzazi au mjomba. Mtoto huyo hakuibwa na yeyote, hakupelekwa kamwe.

Ushauri wangu ni ule ule, na nitaendelea kuurudia. Tangazeni siku, saa na uwanja wiki mbili mapema, kisha msiguse. Shabiki anapolipia tiketi kwa simu, ombeni ruhusa ya kuhifadhi namba yake (ridhaa ni mojawapo ya misingi inayotambuliwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019), halafu mtumieni ujumbe Jumatano na tena asubuhi ya mechi. Mabadiliko yakiwa hayaepukiki, ajulishwe kabla hajapanda matatu, na tiketi yake itumike mechi inayofuata bila maswali. Na fungueni mageti yote. Kumsimamisha mtu kwenye foleni hadi dakika ya 30 kwa sababu geti moja tu ndilo lenye askari ni kumfukuza kwa mikono yenu wenyewe.

Dhana ya pili: "Tukishinda watarudi." Ulinzi ilibeba ubingwa 2003, 2004, 2005 na tena 2010, lakini siku za Afraha kujaa zilikuwa zile Gor Mahia au AFC Leopards walipokuja. Sony Sugar walikuwa mabingwa wa Kenya 2006; mwaka 2019 waliondolewa Ligi Kuu baada ya kushindwa kufika kwenye mechi tatu. Kombe hufurahisha, ila halijengi mazoea.

"Kiingilio ni ghali." Mara nyingi tiketi ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Jumlisheni nauli ya kwenda na kurudi Mamboleo, soda, na kazi ya nusu siku aliyoiacha. Kufanya mechi kuwa bure hakumrudishii mtu hata kimoja kati ya hivyo.

Eti vijana hawapendi tena mpira wa hapa. Njooni vijijini Desemba, wakati wa mashindano ya Krismasi, mtafute pa kusimama. Au nendeni Kakamega siku Green Commandos, timu ya Shule ya Kakamega, wanapocheza fainali ya shule.

Inayobaki ina ukweli nusu: "Fujo ndizo zimewafukuza." Ni kweli, mawe na vitoa machozi vimewaondoa wengi, hasa waliokuwa wakija na watoto. Lakini viongozi huishia hapo, kisha wanaongeza kwamba wanawake hata hivyo si watu wa mpira. Eneo lililotoa Vihiga Queens, waliocheza Ligi ya Mabingwa ya wanawake ya Afrika ilipoanzishwa 2021, haliwezi kuambiwa hivyo. Wanawake ninaozungumza nao wananitajia matusi ya jukwaani, kushikwashikwa kwenye msongamano wa geti, na choo kisicho na maji wala komeo. Kwa hayo hamhitaji polisi wa ziada. Tengeni foleni yao, wekeni wasimamizi wanawake getini, na lipatieni kila jukwaa choo chenye mlango unaofungika kabla ya mechi ijayo.