Apu kukataliwa Play Store na App Store: maneno ya mtaani na ukweli wenyewe

"Hao jamaa hawapendi apu za Waafrika." Hii ndo inaongoza kwa maneno ya mtaani kuhusu Google wenye Play Store na Apple wenye App Store, na mara nyingi anaisema mtu aliyekesha miezi anatengeneza apu yake afu asubuhi moja anafungua imeili anakuta imepigwa chini. Hasira naielewa kabisa. Ila tuangalie namba: ripoti ya Apple wenyewe inasema mwaka 2022 walipitia apu na apdeti zaidi ya milioni 6 wakakataa karibu milioni 1.7, yaani zaidi ya moja katika kila nne, na hizo haziwezi zote kuwa zimetoka Sinza na Rongai. Google nao walisema kwa mwaka 2024 wamezuia apu milioni 2.36 zilizokiuka sera zisiingie Play Store. Kurudishwa pale ni kitu cha kila siku.

Kinachotuumiza sisi ni kingine, na mi naona hakisemwi vya kutosha. Apple wanasema zaidi ya asilimia 40 ya matatizo yanayokwamisha apu yanaangukia kipengele 2.1 cha miongozo yao, kile kinachotaka apu iwe imekamilika: isijizime yenyewe, isiwe na kurasa za maandishi ya kujazia nafasi, na mkaguzi, yaani mtu wao anayepitia apu, apewe kila anachohitaji ili aione yote. Hapo mwisho ndo petu. Apu zetu nyingi unajisajili kwa namba ya simu, unatumiwa OTP (ile kodi ya kuingilia ya mara moja) kwa meseji, unaingia. Sasa huyo mkaguzi yuko California au kwingine huko, hana laini ya Voda wala ya Safaricom, anaweka namba yake, mfumo wako unakubali +255 peke yake, meseji haiji, anaangalia skrini weee, mwisho anaandika kwamba ameshindwa kuingia na anahamia kwenye apu ya mtu mwingine. Kazi yako hajaiona hata ukurasa mmoja, afu we huku unasema umebaguliwa.

Dawa yake ni rahisi sema watu wanaona uvivu. Tengeneza namba ya majaribio ambayo OTP yake haibadiliki, iandike kwenye zile sehemu wanazokuuliza jinsi ya kuingia (kwenye App Store Connect, tovuti ya Apple ya kutumia apu, ipo, na Play Console ya Google pia ipo), na hiyo akaunti isiwe tupu, iwe na oda kadhaa, historia kidogo, salio la kuchezea. Apu ya usafiri yenye upande wa abiria na upande wa dereva toa akaunti mbili, na ujue mkaguzi akiifungua akiwa Marekani ramani yako haitamwonyesha bodaboda hata moja, kwaiyo weka madereva wa majaribio au mrekodie video fupi kwenye simu halisi inayoonyesha safari kuanzia kuita mpaka kulipa. Na seva usiizime usiku jamani. Saa nane usiku Dar huko California ni mchana wa kazi. Kuna wengine wameziba seva isipokee mtu kutoka nje ya nchi kwa sababu ya usalama, wazo zuri, ila mkaguzi naye yuko nje ya nchi.

"Ni roboti tu, hamna mtu anayesoma." Nusu kweli. Mashine zinachuja kwanza, virusi na mambo ya namna hiyo, ila watu wapo. Google walitangaza tangu 2015 kwamba wana timu ya watu inayopitia apu, na Apple wana watu wao. Kwaiyo yale maelezo unayoandika kwenye kisanduku cha mkaguzi yana msomaji, yaandike kwa Kiingereza kilichonyooka hata kama apu yenyewe ni ya Kiswahili mwanzo mwisho. Apu kuwa ya Kiswahili sio kosa, Play Store hata maelezo ya dukani unaweka kwa Kiswahili bila shida.

"Bila kampuni hupiti." Hapana. Mtu binafsi anafungua akaunti, Google dola 25 unalipa mara moja tu, Apple dola 99 kila mwaka. Ila kuna apu ambazo Google anataka akaunti ya taasisi: za huduma za fedha, za afya, VPN (zile za kuficha mtandao unaotumia) na za serikali. Hapo utaombwa namba ya D-U-N-S, namba ya kimataifa ya kutambulisha kampuni, ambayo ni bure, ukiona mtu anakuuzia jua unapigwa. Na kama apu ni ya mikopo kampuni peke yake haitoshi, Kenya tangu mwanzoni mwa 2023 Google anataka uthibitisho kwamba una leseni kutoka Benki Kuu, na mwaka huohuo akazipiga marufuku apu za mikopo kusoma kontakti na picha za mteja. Aliyewahi kupigiwa shangazi yake na kuambiwa "mwanao anadaiwa" anajua kwa nini.

Afu kuna hii ya watesta. Akaunti binafsi za Google zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 lazima apu ijaribiwe kwanza na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo ndo uombe kuitoa kwa umma. Zamani walikuwa 20, wakapunguza Desemba 2024. Kinachosemwa mtaani: "nunua watesta, siku 14 zikiisha umepita." Wee. Siku 14 zikiisha unapata haki ya kuomba tu, na ukiomba unaulizwa maswali: uliwapataje hao watu, waliitumiaje apu, walikwambia nini, we ulibadilisha nini. Mtu aliyenunua anwani 12 za imeili ambazo hazijawahi kufungua hata ukurasa wa kwanza anaandika "they said it is good app" anarudishwa akajaribu upya, na hela imeshaenda. Binamu zako, wanachuo, mama mwenye duka ambaye ndo mteja wako mtarajiwa, hao wanatosha kabisa, tena mama wa duka atakwambia vitu ambavyo mtesta wa kununua hatakwambia maisha.

Twende kwenye hela, maana hapa ndo ubishi unakuwaga mkali. "M-Pesa hairuhusiwi, lazima ulipie kwao wakate asilimia 30." Inategemea unauza nini. Ukiuza kitu cha kushikika au huduma inayotumika nje ya simu, chakula, tiketi ya basi, fundi wa nyumbani, bodaboda, mfumo wao wa malipo wala hautakiwi kutumika hapo, weka M-Pesa, Airtel Money, unachotaka. Ukiuza kitu kinachotumika ndani ya apu yenyewe, kama video za masomo za kidato cha nne, koini za gemu au kufungua sehemu za kulipia, kwa kawaida hapo ndo wanataka mfumo wao, na ukiweka till namba ndani unarudishwa. Apple wana msamaha mmoja mzuri, somo la moja kwa moja la mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja unaweza kulipisha nje, ila likiwa darasa la watu wengi linarudi kwenye mfumo wao. Na hiyo 30 sio ya kila mtu: tangu 2021 Google anakata asilimia 15 kwenye dola milioni moja ya kwanza ya kila mwaka, na Apple nao wana 15 kwa wadogo wasiozidi dola milioni moja kwa mwaka, ila kote kuwili ni mpaka ujiandikishe kwenye huo mpango.

Kingine cha kwetu kabisa, apu zinazosoma meseji za M-Pesa kumpangia mtu bajeti. Wengi wanaamini ruhusa ya kusoma SMS ilifungwa kabisa. Google aliibana kuanzia 2018 na 2019, ni kweli, ila aliacha milango, na mmojawapo ni apu za kusimamia fedha kupitia meseji. Unajaza fomu, unaeleza, unaonyesha kwa video kwamba bila hiyo ruhusa apu haina kazi. Ila kama unaitaka ili kusoma OTP tu, sahau, kuna njia nyingine ya kuipokea isiyohitaji kusoma meseji zote za mtu.

"Ikishapita imepita." Waulize Hey, ile apu ya imeili ya kampuni ya Basecamp. Juni 2020 toleo la kwanza lilipitishwa na Apple, apdeti iliyofuata ikakataliwa kwa sababu ya mambo ya malipo, wakagombana hadharani mpaka wakabadilisha apu kidogo ndo wakakubaliana. Na hata usipogusa kitu sheria zinasogea zenyewe, mfano kuanzia 31 Agosti 2025 apu mpya na apdeti Play Store zilianza kutakiwa zilenge Android 15 (toleo la mfumo wa simu) au la juu zaidi. Apple tangu katikati ya 2022 wanataka kama mtu anaweza kufungua akaunti ndani ya apu basi aweze na kuifuta humohumo. Kitufe cha kufuta akaunti kinasahaulikaga sana, sijui kwa nini, ni kazi ya jioni moja.

Hii ya mwisho ndo mbaya kuliko zote: "ukifungiwa fungua akaunti nyingine, au nunua akaunti ya zamani ya mtu." Google wanafunga na akaunti zinazohusiana na ile iliyofungiwa, na kwa hiyo akaunti ya kununua hujui aliyekuuzia alifanyia nini huko nyuma, tena apu zako zikianza kuingiza hela jina lililoandikwa pale sio lako. Tena kuna tofauti watu hawaitazami, apu kurudishwa sio akaunti kufungiwa. Iliyorudishwa unarekebisha unatuma tena hata leo jioni, akaunti yako haikatwi pointi. Soma namba ya kipengele walichokutajia, kifungue ukisome chote. Ukiona wamekosea wajibu palepale, Apple unaandika ndani ya App Store Connect na ikishindikana kuna bodi ya rufaa, Google kuna fomu. Andika apu inafanya nini, kipengele gani, ubonyeze wapi kukiona, OTP ya majaribio ni ipi, na video ubandike. Zile aya tatu za kwamba we ni kijana unajitafuta na familia inakutegemea ziache, wanaangalia apu.