Taa inayofifia: tazama kwanza nini kingine kinabadilika

Mteja akiniambia taa yake inafifia, simuulizi ni balbu ya aina gani. Namuuliza: ikififia, nini kingine hubadilika nyumbani? Jibu hilo hunionyesha pa kuanzia.

Taa zote zikififia kwa nukta moja friji au pampu inapoanza kunguruma, kisha zikarudi, hiyo ni mota. Inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko wa kawaida, na volti hushuka. Kufifia kidogo hivyo hakunitishi.

Ikiwa ni taa moja tu, hamishia balbu yake kwenye holda nyingine. Ikififia huko pia, tatizo umelijua. Balbu za LED huumizwa sana na joto, hasa zikifungiwa ndani ya kava isiyopitisha hewa. Kapasita iliyomo, kile kipande kidogo kinachohifadhi chaji ya umeme, hukauka taratibu. Na kama swichi yako ni ya kupunguza mwanga, hakikisha balbu imeandikwa kwamba inaweza kutumika nayo.

Balbu ikiwa nzima, tatizo mara nyingi liko kwenye maungio. Niliwahi kuitwa mahali ambapo balbu tatu zilikuwa zimebadilishwa bure. Nilipofungua holda, plastiki ilikuwa imegeuka kahawia na skrubu ya waya ilizunguka kwa kidole. Waya uliolegea hushika na kuachia, hutoa cheche, na kila cheche huzidi kuuharibu. Tena waya huohuo ukiendelea hadi kwenye soketi, mambo ni mazito: ukinzani (kizuizi kwa umeme) wa ohmu 1 tu kwenye ungio hilo ukipitisha ampea 10 hutoa wati 100 za joto, mahali padogo kuliko ncha ya kidole. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema taa "imezoea" kufifia. Zima meni swichi, pima kwa testa kwamba hakuna umeme, ndipo ufungue. Sehemu iliyoungua usiikaze tu; kata, menya waya upya, badilisha holda.

Sasa hali ninayoiogopa: taa za chumba kimoja zinafifia huku za chumba kingine zikizidi kung'aa. Hapo nashuku nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, imelegea au imekatika. Kwenye nyumba ya fezi tatu, yaani inayoletewa umeme kwa nyaya tatu za moto, kila fezi hutoa volti 230 ikipimwa na nyutro, lakini kati ya fezi mbili kuna 400. Nyutro ikikosekana, vifaa vya fezi tofauti hugawana volti hizo bila usawa, na chenye mzigo mdogo hubeba kubwa. Televisheni huungua kwa dakika chache. Hata waya wa nyutro wenyewe unaweza kuwa na umeme wa kuua.

Usipande ngazi na bisibisi. Zima meni swichi, chomoa vifaa, piga simu kwa wanaokuletea umeme, kwa kuwa maungio hayo huweza kuwa kwenye mita au nje kwenye nguzo. Usiwashe tena mpaka nyutro ikaguliwe na volti za fezi zote zipimwe.