Kabla mchoro wa kando ya mto haujapitishwa, ulizeni baiskeli itapita wapi

Ukisimama Ipogolo alfajiri, kule bondeni Mto Ruaha Mdogo unakopita chini ya mji wa Iringa, baiskeli nyingi utakazoziona zimebeba mzigo. Madumu ya maziwa yamefungwa kwa mpira kwenye karia, matenga ya nyanya, gunia la mkaa. Wakifika kwenye mlima wa kupandia mjini hushuka, wakasukuma. Hao ndio ninaowawaza kila ninapoletewa mchoro wa kupendezesha kingo za mto: bustani, viti, vibanda vya chakula na njia ya kutembelea jioni.

Mchoro kama huo hauna nia mbaya. Tatizo ni kwamba mchoraji huifikiria baiskeli kuwa ni ya mazoezi ya Jumamosi. Basi palipokuwa na mteremko wa udongo anaweka ngazi tatu, na mlangoni anasimamisha vyuma vya kuzuia pikipiki vilivyobanana hivi kwamba mwenye matenga mawili hapiti tena. Anarudishwa barabara kuu, ubavuni mwa malori ya Tunduma. Haya huzuiwa mezani, mchoro ukiwa bado karatasi. Zege likishamwagwa, nani atatoa fedha ya kulivunja?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wengi huisikia siku ya bomoabomoa tu. Mimi naiona pia kama kinga ya wapita njia, kwa sababu ukanda usio na majengo hauwezi kufungwa na ukuta wa hoteli. Hata hivyo njia yenyewe isichongwe kiholela. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ambayo makao yake yako hapahapa Iringa, iulizwe mapema maji ya masika hufika wapi, la sivyo njia itasombwa au itageuka kuwa mfereji.

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 nayo inataka wananchi washirikishwe mpango unapoandaliwa. Mkiitwa mkutanoni, msiridhike na kuambiwa "baiskeli zimezingatiwa". Ombeni vipimo. Baiskeli yenye matenga huchukua karibu mita moja, kwa hiyo mbili zipishane salama panahitajika njia ya mita 3, tena iliyotengwa na ya waenda kwa miguu. Mwinuko ukizidi mita 5 kwa kila mita 100, mwenye mzigo atasukuma. Afadhali njia izunguke kidogo kuliko kupanda moja kwa moja. Nondo za kufunika mitaro zilazwe kukingama njia, maana zikielekea njia inakoenda humeza tairi. Na muulize zaidi ya yote: njia hii inaanzia wapi na inaishia wapi? Kipande kizuri cha mita 400 kisichofika sokoni wala darajani hakimsaidii muuza maziwa.

Dar es Salaam imetufundisha jambo. Kando ya Barabara ya Morogoro, mradi wa mabasi yaendayo haraka ulioanza kazi 2016 ulijengewa njia za baiskeli, lakini sehemu nyingine hutumiwa na pikipiki na wafanyabiashara. Kujenga bila kupanga nani atasimamia, na wachuuzi watakaa wapi, ni kazi nusu.

Ofisini kwetu hukosa kitu kimoja mara kwa mara: hesabu. Magari huhesabiwa, baiskeli hazihesabiwi, na kisichohesabiwa hakipewi nafasi kwenye mchoro. Mtaa unaweza kuifanya wenyewe. Vijana wawili wakae kwenye kivuko na daftari, saa 12 hadi saa 3 asubuhi, siku ya gulio na siku ya kawaida. Waandike baiskeli ngapi zimepita, mzigo gani, zinatoka wapi na zinaelekea wapi. Kisha mtendaji agonge muhuri, nakala moja iende kwa ofisa mipango miji wa manispaa, moja kwa diwani, na moja ibaki kwa mwenyekiti wa mtaa.