Rangi chache, hitilafu zionekane: ujumbe wa Linux inapowaka

Linux ikiwaka humwaga mamia ya mistari ndani ya sekunde chache. Mstari unaoeleza kwa nini diski haikupatikana hupita humo humo na mingine. Rangi hulisaidia jicho kuudaka, mradi iwe adimu. Kila mstari ukipakwa, umerudi pale pale.

Rangi ifuate kiwango cha ujumbe, isifuate maneno yake. Kerneli (kiini cha Linux) huupa kila ujumbe namba kuanzia 0 (mfumo hautumiki tena) hadi 7 (maelezo ya watengenezaji). 3 ni kosa, 4 ni onyo. Ukitafuta neno "error" kwa grep (amri ya kutafuta maneno), utashtushwa bure na `errors=remount-ro`, ambalo ni chaguo la kawaida la kupachika diski yenye mfumo wa faili wa ext4. Halafu utaukosa `ata1: COMRESET failed (errno=-16)`, yaani diski au kebo yake haiitiki, kwa sababu hauna neno hilo. dmesg ni amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli; `dmesg -x` huonyesha na kiwango cha kila mstari, anzia hapo.

dmesg ina rangi zake, ila imezimwaga mahali pasipohitajika: muda ni wa kijani, na jina la sehemu inayotoa ujumbe ni la kahawia. Mimi huzifuta hizo kwanza. Tengeneza faili `/etc/terminal-colors.d/dmesg.scheme` (saraka ikikosekana, iunde) na uandike:

```
time 0
timebreak 0
subsys 0
warn 1;33
err 1;31
crit 37;41
alert 37;41
```

Kisha endesha `dmesg --color=always | less -R`. Bila `--color=always` rangi hujizima mara tu matokeo yanapopita kwenye bomba, na bila `-R` utaona takataka kama `ESC[1;31m`.

Namba hizo ni misimbo ya rangi: 0 huiondoa, 1 huing'arisha. Hiyo 1 mbele ya 33 usiiache. Kwenye konsoli ya maandishi (skrini nzima isiyo na madirisha), 33 peke yake ni kahawia (AA5500); 1;33 ndiyo manjano kamili (FFFF55). Nyekundu ya 31 ni AA0000, na juu ya nyeusi ulinganuzi wake (tofauti ya mwangaza) ni kama 2.7 kwa 1, wakati kiwango kinachopendekezwa kwa maandishi ya kawaida ni 4.5. Ukiweka 1;31 unapata FF5555, ambayo ni kama 6.7. Buluu ya 34 haifiki hata 2; isahau. Terminali za kwenye dirisha zina paleti zao, kwa hiyo jaribu kwenye konsoli yenyewe.

Je, wakati mashine bado inawaka? Hapa wengi hukwama. Kerneli haipaki rangi kwa kiwango kwenye konsoli ya skrini. Maandishi yake yote hutoka kwa rangi iliyopo wakati huo. `vt.color=0x0e` hubadilisha rangi ya msingi ya konsoli nzima, si ya makosa peke yake. (OpenBSD, mfumo mwingine wa jamii ya Unix, hufanya vingine: ujumbe wa kerneli ni mweupe juu ya buluu, kwa hiyo unajua nani anasema, japo hujui uzito wa anachosema.) Dawa ni kupunguza mistari. Kwenye `/etc/default/grub`, faili la mipangilio ya GRUB (programu inayoipakia Linux), ndani ya `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, ondoa `quiet splash`, weka:

```
loglevel=4 systemd.show_status=1
```

Endesha `update-grub` kwenye Debian na jamaa zake. Sasa kerneli itaonyesha viwango 0 hadi 3 tu, na systemd (programu inayoanzisha huduma za mfumo) itaonyesha huduma zake: OK kwa kijani, FAILED kwa nyekundu, DEPEND kwa manjano. Ukiona DEPEND usihangaike na huduma hiyo. Inateseka kwa kosa la nyingine. Panda juu hadi FAILED ya kwanza. Ikishapita, `journalctl -b -p err` itakurudishia makosa ya uwashaji huu.

Kwa skripti zako mwenyewe, paka rangi pale tu matokeo yanapokwenda kwenye terminali (`-t 1`):

```
if [ -t 1 ]; then
  printf '\033[1;31m[KOSA]\033[0m %s\n' "$ujumbe"
else
  printf '[KOSA] %s\n' "$ujumbe"
fi
```

Ukisahau `\033[0m`, kila kinachofuata hubaki chekundu, ukiwemo ujumbe wa kerneli usio na kosa lolote. Neno KOSA nalo libaki: wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, na wapo wanaosoma kupitia konsoli ya serial (ya kupitia kebo) isiyo na rangi. Kama logi ya serial imeshajaa alama hizo, zisafishe:

```
sed 's/\x1b\[[0-9;]*m//g' serial.log > safi.log
```

Hiyo `\x1b` inaeleweka na sed ya GNU; usitegemee nyingine ziielewe.