Prosesa ya simu iliruka Mirihi. Kwa hiyo?

Nimeletewa tena ile hoja. Perseverance, gari la utafiti la NASA, ilitua Mirihi mwaka 2021 ikiendeshwa na RAD750, chipu iliyoundwa kuhimili mionzi ya angani, ya ukoo wa PowerPC 750 wa miaka ya 1990, tena kwa megahezi 200 tu. Helikopta iliyobebwa tumboni mwake, Ingenuity, iliruka mara 72 ikiwa na Snapdragon 801, prosesa ya simu. Basi wahandisi ni waoga: tununue za simu, tuzifunike kwa risasi, ile metali nzito, kuzuia mionzi, kazi iishe.

Risasi niimalize haraka. Kinga ya metali hupunguza elektroni na protoni za nishati ndogo, na ndiyo maana saketi za chombo cha Juno kule Mshtarii zimefungiwa ndani ya sanduku la titaniamu. Miale ya kutoka nje ya mfumo wa jua hupenya tu, na ikigonga atomi za kinga huzaa chembe nyingine. Unaongeza kilo, unapata kidogo.

Kinachonikera hasa ni kudhani kwamba kuhimili mionzi ni sifa moja, chipu ama inayo ama haina. Kuna dozi ya mionzi inayolimbikizana kwa miaka, ile inayopimwa kwa kiloradi, ambayo huzeesha transista, swichi ndogondogo za chipu, polepole. Kuna biti kupinduka: chembe moja imepita, sifuri imekuwa moja. Hilo tunalimudu kwa misimbo ya kusahihisha makosa, au prosesa tatu zinazopigiana kura. Halafu kuna saketi kujifunga: chembe moja inafungua njia ya mkondo ndani ya silikoni, umeme unamwagika, na usipoukata upesi chipu inaungua. Programu gani itakuokoa hapo, wakati inayoungua ndiyo inayoiendesha? Chipu ya kisasa yaweza kuvumilia dozi vizuri kabisa na bado ikafa kwa kujifunga. Kwa hiyo mtu akinitajia kiloradi kwanza, najua bado hajaanza kuchagua.

Na hiyo Ingenuity, someni mpaka mwisho jamani. Snapdragon ilishughulika na picha na uongozaji. Usukani ulikuwa kwa vidhibiti viwili vilivyobuniwa kwa kazi za usalama, kimoja akiba ya mwenzake, na juu yao FPGA, chipu ambayo saketi zake hupangwa na mtumiaji, inayostahimili mionzi, ikivilinda. Isitoshe, lilikuwa jaribio lililoahidi safari 5 tu. Ingekufa baada ya hapo, tungepiga makofi vilevile.

Sisi wahandisi nasi tusijifanye tunajua yote. Maabara humwaga dozi ya miaka kwa saa chache, ilhali baadhi ya transista za baipola, aina mojawapo ya transista, huharibika zaidi dozi ikija polepole. Nazo zimejaa kwenye virekebisha volti vinavyoilisha prosesa. Kupima polepole huchukua miezi, ratiba haingoji, basi tunazidisha dozi ya kupimia na kuiita akiba ya usalama. Kiasi cha kuzidisha mara nyingine ni mapatano ya kikao kuliko fizikia. Tena chipu za kawaida, mtengenezaji akibadili muundo wa ndani, namba ya nje yaweza kubaki ileile. Ile "iliyokwisha kuruka" huenda siyo uliyoishika.

Setilaiti ndogo ya obiti ya chini, miaka miwili? Nunua ya kawaida, ipime kwa kujifunga, weka kikata mkondo, na hakikisha chombo kinavumilia kuzimwa na kuwashwa katikati ya kazi. Kama hakivumilii, rudi kwenye RAD750 na megahezi zake.